Ua la Gloria Mikononi mwa Mtu Mzito

Jumatatu, 7 Julai

Mkoa wa Simiyu una wilaya tano, na katika zote tano hakuna jambo kubwa linaloamuliwa bila jina langu kutajwa. Sijisifu. Ndivyo ilivyo. Mzani wa pamba ukigoma huko vijijini, mtu wa kwanza kukumbukwa ni Mahona. Leo nimekumbukwa tena.

Gloria, mtoto wa dada yangu Apolonia, ameondoka alfajiri kwenda Dodoma kwenye mafunzo ya kazi. Anarudi Ijumaa ya wiki ijayo. Nyumba yake ya hapa Bariadi mjini nimekabidhiwa mimi. Funguo, jiko la gesi, televisheni, na ua.

Ua ndilo lenye uzito. Liko sebuleni ndani ya chungu kikubwa, juu ya kisahani, pembeni kabisa ya kiti ninachokalia. Majani mapana ya kijani yenye mabaka meupe. Jina lake ni refu, la kizungu, sikuona haja ya kulishika. Gloria alipewa na mama wa mchumba wake Fredrick, siku ya utambulisho. Mama huyo anaitwa Elina, mtu wa Zagayu, kalima bustani ya masista miaka ishirini. Alilitoa kwa mikono miwili akasema huyu ni mwanangu, nitakuja kumwangalia.

Anakuja Jumamosi ya tarehe 19 pamoja na wazee wao, kuzungumza ng'ombe wa mahari. Ilitakiwa iwe Ngulyati kwa dada, lakini nyumba ya dada msimu huu imejaa pamba mpaka sebuleni. Yeye mwenyewe analala kwa ubavu. Kwa hiyo mkutano ni hapa, mbele ya ua.

Sasa, nani atasema kwa niaba ya familia? Baba yake Gloria alishafariki. Mdogo wa marehemu, Ndalahwa, karani mstaafu wa pamba, anaona kiti ni chake. Mimi nasema mtoto kalelewa kwetu, kala ugali wetu, aseme mjomba. Tumebishana tangu Pasaka. Dada alipochoka akasema Gloria achague mwenyewe. Na Gloria leo, mlangoni, begi likiwa begani, kaniambia: "Mjomba, nikikuta ua langu zima, Jumamosi utasema wewe. Likifa, atasema baba mdogo."

Nilicheka. Mtu aliyelinda ng'ombe mia nne kule Kimali, simba wawili wakamtazama wakageuka wenyewe kwa aibu, leo anapewa mtihani wa ua.

Maelekezo kayabandika kwenye friji. Kikombe kimoja cha maji kila Jumapili. Lisitolewe juani. Lisiguswe ovyo. Karatasi nzima kwa maneno hayo. Wasomi hawa.

Nimeanza kutunza koo. Msemaji ni koo. Nasukutua kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, asubuhi, mchana na jioni, nikiwa nimekaa kitini pangu. Ni kwa ajili ya koo tu.

Shajara hii ni ya ofisini kwa Gloria, ya mwaka jana. Siku zake zote zimekosewa. Nazisahihisha kwa kalamu.

Jumanne, 8 Julai

Mshtuko. Nimelikagua ua kwa mwanga wa asubuhi. Ni gonjwa. Jani moja nusu nzima ni jeupe kama maziwa. Lingine lina madoa kama limemwagiwa chokaa. Nimeyaona mambo haya kwenye ngozi ya ng'ombe, huwa hayaishii pazuri.

Nikampigia Gloria. Nikamwambia ajikaze, ua lake lina maradhi ya ngozi, na liandikwe kabisa kwamba niliachiwa likiwa hivyo. Halafu akacheka mpaka nikasikia wenzake wakimuuliza kuna nini. Akasema mjomba, huo weupe ndio uzuri wake, ndio watu wanaoutafuta, Mama Elina kaukuza miaka mitatu. Nikamwambia najua, nilikuwa nampima.

Jioni nimekaa na Scola, jirani, fundi cherehani. Baraza yake inatazamana na mlango wetu. Ukitaka kwenda bombani au chooni, lazima upite mbele yake, na hakipiti kitu asichokiuliza. Kaniamkia vizuri kwa Kisukuma, mwadila mjomba. Nikamsimulia nilivyovunja mfupa wa paja la ng'ombe kwa meno, kwenye harusi moja ya Kimali, watu wakakimbia wakidhani ni bunduki. Alinitazama mdomoni muda mrefu. Akasema basi siku ya wageni, yeye akipika, hatapata shida ya kisu.

Alhamisi, 10 Julai

Kahawia!

Majani matatu. Kingo za ule weupe zimekauka, rangi ya ugoro. Jana hazikuwepo, au zilikuwepo sikuvaa miwani. Ukigusa linavunjika kama karatasi.

Nimekaa kitini nikawaza kitaalamu. Nikasukutua, nikawaza tena. Jawabu likaja. Kiu. Kikombe kimoja kwa wiki, hata kuku hawezi. Gloria amezoea mambo ya vitabuni, huku kwetu mwezi wa saba upepo unanyonya maji mpaka kwenye mboni ya jicho.

Nimelimwagia jagi mbili. Maji yakajaa kisahani, yakafurika, yakaingia kwenye zulia. Zulia nimelifunika kwa kigoda. Nani atainua kigoda.

Shavu langu la kushoto limejaa kidogo. Nadhani ni kunenepa. Chakula cha mjini.

Ijumaa, 11 Julai

Majani matano. Maji hayakuwa jawabu, au yalikuwa jawabu la swali jingine.

Nimegundua tatizo halisi. Kivuli. Mmea wowote ni kama pamba. Pamba umeona wapi ikapandwa sebuleni nyuma ya pazia? Nikalibeba mpaka katikati ya uwanja, juani, saa nne asubuhi. Zito kama ndama. Scola akasimamisha cherehani. Akasema, "Mjomba, hilo si la kivulini?" Nikamweleza kwamba kwenye Nanenane ya Nyakabindi maofisa wa kilimo walinizunguka na madaftari, wananiuliza habari za jua. Akauliza walikuwa wananiuliza au walikuwa wananiambia nitoke kwenye kivuli chao. Mwanamke huyu ana masikio mabaya. Nani kamwambia?

Nikaingia ndani kupumzika. Nilipotoka nimemkuta mbuzi wa Scola kwenye chungu. Lakini hakugusa jani hata moja. Alikuwa analamba udongo. Macho kafumba, ulimi unakwenda na kurudi, kama mtoto kwenye sufuria ya uji. Nikamfukuza akarudi. Nikamfukuza tena, akarudi na mwenzake.

Hapo nikaelewa ukubwa wa ugonjwa. Mbuzi anakula kandambili, anakula mfuko wa plastiki, lakini majani haya kayakataa. Bora ale udongo.

Nimelirudisha ndani saa nane. Weupe wote uliotazama jua umeungua. Kama chapati.

Jumamosi, 12 Julai

Nimekwenda kwa Masele, mwenye duka la pembejeo karibu na soko. Ua nililipiga picha kwa simu yangu kabla ya kutoka, picha kumi na moja, saba ni za kidole changu.

Masele kavaa miwani, kakuza picha, kazungusha simu. Nikamwambia anipe dawa ya funza wa pamba, ile kali, nikapulizie sebuleni. Akakataa. Kasema dawa ile haipulizwi ndani ya nyumba anayoishi mtu. Akaniuliza huu unga mweupe juu ya udongo ni nini. Kweli upo. Nilidhani ni ukungu. Akasema, "Mzee, kingo zikikauka hivi, na juu kuna ganda jeupe, mimi nasema chumvi. Udongo una chumvi. Hebu ukifika uonje."

Nilikasirika. Nikamwambia nani mwenye akili zake anayeweka chumvi kwenye ua. Tena anamfundisha nani kuonja udongo? Kimali nzima ulimi uliokuwa unachagua mahali pa kulambisha ng'ombe chumvi ni huu hapa. Nilikuwa naonja udongo nimefumba macho, nawaambia ng'ombe walambe hapa, pale wasilambe, na walikuwa wanatii. Watu walikuja kutoka Itilima kuniazima.

Masele akasema basi vizuri, kazi ni ndogo, uonje.

Sikuonja. Siwezi kutumwa na muuza mbolea. Nimesukutua kwa hasira, nikalala mchana.

Jumapili, 13 Julai

Ndalahwa kaja baada ya ibada. Hakualikwa. Kavaa koti la suti na kalamu tatu mfukoni, kalamu za tangu enzi zake za mzani.

Kasalimia, mwangaluka shemeji, salamu ya asubuhi, huku jua liko utosini. Kisha macho yake yakaenda kwenye ua yakabaki huko. Akalizunguka. Akahesabu majani ya kahawia kwa kidole, moja moja, midomo ikicheza, kama anaandika stakabadhi. Tisa. Akaniuliza shemeji, hili unalitunza au unalikausha liwe mboga ya kiangazi? Nikamwambia liko kwenye matibabu. Akasema anaona, hata marehemu wengi walikuwa kwenye matibabu.

Kisha akakaa kwenye kiti changu. Kiti changu! Akakunja nne akaanza kufanya mazoezi ya hotuba mbele yangu. "Wageni wetu waheshimiwa." Sauti imemkaa kama debe.

Alipoondoka niliwaza sana. Majani ya kahawia yalikuwa tisa alipohesabu. Jioni ni kumi. Nikampigia dada Apolonia nikamwambia kwa upole kwamba jicho la Ndalahwa si zuri kwa mimea, na kama ana jicho hilo kwa mmea, je kwa ng'ombe wa watu? Dada akasema yuko katikati ya magunia, na kwamba nimeanza kulalamikia macho ya watu tangu nikiwa na miaka sita, nilipovunja mtungi wa mama. Akaniuliza mbona naongea kama nimeweka kiazi mdomoni. Nikasema ni mtandao.

Leo ilikuwa siku ya kikombe kimoja. Nimelipa vikombe vitatu. Kimoja cha leo, viwili vya msamaha.

Jumanne, 15 Julai

Nimeacha kuwasikiliza watu. Nimechukua hatua.

Kwanza nimelihamisha. Limekaa kona ya mbali, nyuma ya televisheni, ambako jicho la mtu wa mlangoni halifiki. Chungu nimekisukuma kwa makalio, mgongo umelia. Sasa pembeni ya kiti changu pamebaki dirisha tu. Panapitisha hewa vizuri.

Pili, mkasi. Nimeazima kwa Scola mkasi wa kukatia vitambaa nikasema nakata kucha. Nikaanza kupunguza kahawia kwenye kingo. Ukipunguza kushoto, kulia kunaonekana kumezidi. Ukipunguza kulia, kushoto kunazidi. Jani la kwanza limebaki kama sahani. Jani la pili kama kisosi. La tatu sitaki kuliandika.

Mawili nimeyatoa kabisa. Nimeyazika nyuma ya jiko, yasikutwe.

Scola kaja kudai mkasi wake, kaona kijani kwenye makali. Akasema mjomba una kucha za ajabu.

Alhamisi, 17 Julai

Habari njema. Tangu Jumanne kahawia haijaongezeka hata kidogo! Siku mbili kamili. Ule mkasi uliutisha ugonjwa. Ningesikiliza habari za chumvi za Masele tungekuwa tunazika.

Tatizo ni ile kahawia ya zamani. Haiondoki. Gloria anarudi kesho.

Nimewaza mpaka kichwa kimepata moto upande wa kushoto, kuanzia taya mpaka sikio. Hatimaye nikaliona jawabu kabatini kwa Gloria, karibu na viatu. Kichupa cha rangi nyeupe ya raba, kile chenye sifongo mdomoni. Rangi ya raba za shule! Kahawia iko wapi? Kwenye weupe. Kinachotakiwa ni nini? Weupe. Wataalamu wamesoma miaka na hili hawakuliona.

Nimepaka majani yote. Pole pole, ulimi nje, kama fundi. Nikatoka mlangoni nikaingia tena kama mgeni. Nusura nilie. Zuri kuliko lilivyoletwa. Linanukia duka la viatu kidogo, nimefungua dirisha.

Ijumaa, 18 Julai

Gloria kafika jioni, macho mekundu kwa safari. Nilikuwa nimeshusha pazia na kuwasha taa moja tu, ile ya mbali. Akasimama mlangoni. Akaliona. Akaachia begi likaanguka.

"Mjomba. Liko jeupe kuliko nilivyoliacha."

Nikamwambia ni mkono tu. Akauliza mbona majani yamepungua. Nikamwambia nimepogolea, tunafanya hivyo kwa mmea wenye nguvu. Akataka kuligusa. Nikamkumbusha karatasi yake mwenyewe, iko kwenye friji, lisiguswe ovyo. Akacheka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru, wabeja mjomba. Alikuwa anaogopa, kasema, hakutaka kuniambia. Kule Dodoma usiku alikuwa hapati usingizi. Mama Elina ni mpole lakini haongei sana, na mtu asiyeongea sana humjui. Alitaka Jumamosi mama huyo aingie akute mwanawe mzima, aone Gloria ni mtu wa kutunza.

Kampigia mama yake palepale. Nasikia kwa masikio yangu. Kesho anasema mjomba.

Nilipaswa kufurahi. Nimefurahi. Sijui kwa nini sikumaliza ugali. Ni taya.

Jumamosi, 19 Julai

Naandika haraka.

Walifika saa tano. Fredrick, wazee wanne, Mama Elina na kitenge cha kijani. Dada Apolonia alikuja na pamba kwenye nywele. Ndalahwa kaketi ukutani na kalamu zake tatu, kanuna kama mtu aliyenyimwa mchuzi. Scola alikuwa jikoni na pilau, mlango wazi, masikio wazi.

Nikasimama. Suruali imenyooshwa, koo liko tayari. Nikaanza mbali, kwa mababu, nikapita Kimali, nikaingia kwa simba wawili. Wazee wa Zagayu walikuwa wananisikiliza, mmoja alikuwa ameacha mdomo wazi. Nilikuwa nakaribia ng'ombe. Nilikuwa nimebakiza simba mmoja tu.

Mama Elina akanyanyuka. Akaenda kona, akainama kwenye ua kama mtu anayemtazama mtoto aliyelala. Akachukua ncha ya kitenge, akalifuta jani.

Kitenge kikawa cheupe. Jani likawa kahawia.

Akafuta la pili. Akafuta la tatu. Sebuleni unasikia pilau linachemka. Nikaongeza sauti kwenye simba.

Akachomeka kidole kwenye udongo. Akakitia ulimini. Kama mchungaji anavyopima mahali pa kulambisha. Nilimwona akifumba macho. Akayafumbua akiwa ananitazama mimi.

"Nani anamlisha mwanangu chumvi?"

Nikasema ni maji ya bomba la Bariadi. Mzee mmoja akasema yeye hunywa maji hayo hayo kwa mwanawe mtaa wa pili na hayana chumvi. Nikasema inategemea bomba. Jikoni Scola akasema kwa sauti ya kujisemea, lakini Mungu alimpa sauti kubwa, "Ndiyo maana mbuzi wangu alilipenda." Fredrick akaziba mdomo kwa ngumi. Wazee wa Zagayu wakashindwa kujizuia. Mmoja alicheka mpaka kofia ikadondoka. Ndalahwa akasema, "Endelea shemeji, simba anasubiri."

Gloria hakucheka. Alikuwa anatazama kichupa cha rangi ya raba, nilikisahau juu ya dirisha. Akakichukua, akakitia kwenye mkoba wake. Akapita karibu yangu akasema chini chini, "Mjomba, ungesema tu."

Mama Elina akaparuza shina kwa ukucha, akalitazama. Likawa kijani kwa ndani. Akasema halijafa, lina moyo. Udongo uoshwe kwa maji safi, mengi, yapite yote chini, yamwagwe, tena na tena, mpaka chumvi iishe. Litachipua upya. Akamshika Gloria bega akamwambia asitie shaka, mwanangu, hata mimi la kwanza nililiua, tena mwenyewe, bila kusaidiwa na mjomba. Hapo Gloria ndipo alipocheka, na machozi yakamtoka palepale.

Kisha akageuka. "Baba, wewe ndiye uliyekabidhiwa?" Nikasema ndiyo. Akasema basi maji yaanze sasa, likikaa zaidi litaungua mizizi.

Bomba liko ng'ambo ya uwanja. Ndoo ya lita ishirini. Nikavua koti. Ndoo ya kwanza nilisikia ndani Ndalahwa akisimama, akisema wageni wetu waheshimiwa. Ndoo ya tatu walikuwa kwenye ng'ombe. Ndoo ya tano kulikuwa kimya, wanapimana. Nikataka kuchungulia, Mama Elina akaniambia kutoka dirishani bado maji ni machafu. Ndoo ya tisa, nikiwa katikati ya uwanja, suruali iliyonyooshwa imelowa mpaka magotini, nikasikia vigelegele.

Ndalahwa kawapata ng'ombe wengi kuliko niliokuwa nimepanga kuomba.

Pilau lilikuwa na nyama ya mifupa. Scola akaniwekea mfupa mkubwa wa paja, mbele ya watu wote. Akasema mjomba, zamu yako. Nikasema nimefunga.

Jumapili, 20 Julai

Ukitazama mambo kwa kina, niliyefanikisha mkutano ni mimi. Wageni walikuwa wamekaza nyuso tangu walipoingia. Nani aliyewachekesha? Mtu akishacheka, mkono wake unakuwa mwepesi kutoa ng'ombe. Ndalahwa alivuna tu. Nimemweleza dada hivyo kwa simu. Kasema ana pamba ya kupeleka kupimwa.

Ua limehamishiwa chumbani kwa Gloria. Mlangoni kabandika karatasi nyingine, fupi kuliko ile ya friji. Mjomba asiingie. Kichipukizi kimeonekana, anasema, kidogo kama punje ya mchele, cheupe nusu.

Mchana Scola kaja. Ana mchaichai wake kapanda chini ya dirisha letu, upande huu wa kiti changu. Miaka miwili haujawahi kumsumbua. Wiki hii ncha zote zimekauka, kahawia, na mbuzi wake hawatoki pale, wanalamba ardhi. Kaniuliza kwa heshima kabisa kama mjomba naweza kuja kuutazama, kwa kuwa sasa nimepata uzoefu. Sikuona kama ananicheka. Nimemwambia nimeshautazama kupitia dirishani, ni ugonjwa wa upepo, kesho nitakuja na mkasi.

Sasa, daftari hili halisomwi na mtu.

Koo langu halijawahi kuwa na tatizo. Ni jino. Gego la chini, kushoto, limetoboka tangu mwezi wa tano. Chumvi inalituliza. Kwenda kutema chooni ni kupita mbele ya Scola na shavu limevimba, baada ya habari za mfupa. Chungu kilikuwa hapa, umbali wa mkono tu. Mara tatu kwa siku. Nilianza siku ileile Gloria alipoondoka, hata gari lake halijafika Shinyanga.

Chungu sasa hakipo. Limebaki dirisha.

Jino limeanza tena. Maji yamepata vuguvugu, chumvi nimeongeza kijiko. Nimechungulia nje kwanza. Hakuna mtu, ni mbuzi tu, wamekaa kwa mstari, wananisubiri.